Waliolala Nje kwa Ajili ya Telefoni

Katika kampi ya Kashuga hatukuwa tunangoja risasi ndipo tukimbie. Risasi ni mjumbe mchelewevu: ikikufikia, habari imekwisha. Sisi tulikuwa tunaangalia matela ya Mama Joséphine-Marie, godoro lake la kulalia.

Mama yule alikuwa amekimbia vita mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, na watu walisema masikio yake yanasikia bunduki ikisafishwa nyuma ya mlima wa tatu. Matela yake ilikuwa imelaliwa hata ikawa nyembamba kama chapati. Anaikunja, anaifunga kwa kamba ya mgomba, anaiweka kichwani. Ikifika kichwani tu, kampi nzima inaamka: masufuria, bidoni za maji za njano, watoto mgongoni, mbuzi mbele. Hakuna anayeuliza. Hiyo njo sheria ya vilima vya Masisi: ukiona matela inatembea, beba yako, utauliza mbele ya safari. Mimi nilikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyeijua sheria hiyo vizuri kuliko watu. Akiona matela ile juu ya kichwa, anaingia mwenyewe ndani ya kikapu na kulala kimya. Asiyeamini aje, nitamwonyesha kikapu.

Mtu wa pili wa lazima pale kampini alikuwa Athanase. Alikuwa mkulima wa viazi kutoka Kingi, mrefu kama mti wa kuanikia nguo, na kabla ya vita alikuwa katekista. Miaka mingi alisimama kando ya padri mgeni akimtafsiria mahubiri: padri anasema sentensi moja kwa Kifaransa, ananyamaza, Athanase anaitoa kwa Kiswahili. Sentensi kwa sentensi. Hakuwa anangoja padri amalize, kwa maana padri mwenyewe hakuwa anajua atamalizia wapi. Kazi ile ikamwingia katika damu.

Basi kila siku saa sita za mchana aliweka radio yake ndogo juu ya jiwe mbele ya kibanda, akavuta antena, na sisi tukamzunguka. Radio ya mbali inasema Kifaransa, Athanase anatoa. Mke wake, Béata, alikaa nyuma yake akichambua maharagi. Hakuwa anainua macho, lakini neno halikumpita.

Siku ninayoisema ilikuwa ya Septemba, mvua zimeanza kujaribu. Watu walikuwa wengi kwa sababu juma lile lote kulikuwa na minong'ono. Kila mmoja alikuja na woga wake kutoka nyumbani, kama vile mtu anavyokuja na kiti chake. Kataliko pia alikuwepo, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyekuwa na kibanda cha batri na telefoni pale sokoni, na ambaye bidhaa zingine alizipeleka kwa miguu hadi Ntoto. Yeye alikuja kusikiliza kwa sababu batri za ile radio zilitoka kwake, na alisema ana haki ya kujua zinaliwa na habari gani.

Habari zikapita: rais huyu kamtembelea yule, mafuriko mahali fulani. Halafu radio ikabadilisha mtangazaji. Huyu mpya alikuwa mtu wa utamu, wa wale wasiosema jambo kwanza. Wanakuzungusha nje ya nyumba kabla ya kukuonyesha mlango.

"Watu maelfu wamelala inje," Athanase akatoa.

Tukasogea karibu.

"Ni usiku wa ine sasa. Wengine wamekuja na mahema, wengine na mablanketi. Kuko mama mwenye mutoto wa miezi sita."

"Yesu wangu," akasema mtu.

"Mvua imewanyeshea. Polisi imeweka barière, imefunga njia. Muntu moja anasema, hata wakimusukuma namna gani, hatarudia nyumbani."

Mama Joséphine-Marie alikuwa amekwisha kusimama.

"Ni wapi? Athanase, ni wapi?"

"Bado hajasema! Mungoje aseme!"

"Ngoja weye," akajibu Mama Joséphine-Marie, tayari yuko ndani ya kibanda chake. "Yule mutoto wa miezi sita alingoja, na sasa iko mu mvua."

Akatoka na matela kichwani.

Sijui kama umewahi kuona kilima kikisimama na kuondoka. Hakukuwa na kelele. Hicho ndicho kinachoogopesha, kelele hakuna. Ni nyayo tu, na sufuria kugongana na sufuria, na mama mmoja akimwita mtoto kwa sauti ya chini, mara moja, mara mbili. Athanase alikuwa bado ameinama juu ya radio, kidole hewani, akitoa sentensi kwa uaminifu wote wa zamani: "Ni mbele ya duka. Ni Paris, na Londres, na miji ya Amerika. Wanangoja duka lifunguliwe. Wanataka kuwa wa kwanza kununua telefoni mupya."

Aliinua macho. Tulikuwa tumebaki Béata, Kataliko na mimi. Kuku alikuwa ndani ya kikapu.

"Wamekwenda wapi?" Athanase akauliza.

"Wamekimbia hiyo telefoni," akasema Béata.

Sasa angalia kosa. Angeketi tu, watu wangefika mtoni, wangechoka, wangerudi jioni wakitukanana. Lakini Athanase alikuwa mtu wa dhamiri. Aliruka, radio mkononi, antena imesimama, akawafuata akipaza sauti: "Rudini! Rudini! Ni telefoni!" Na wale wa nyuma wakageuka, wakaona mtu mrefu mwenye chuma mkononi anakuja mbio anapiga kelele. Unafikiri walifanya nini? Wakatupa hata sufuria.

Béata alifunga maharagi katika kanga. "Muzee, beba kikapu chako. Ule mwanaume anaenda kufa leo."

Sikucheka. Hakusema kama mtu anayetania.

Tuliwafuata sisi watatu, katika barabara inayoshuka kuingia Walikale. Njiani tulipita vitu: kiatu kimoja, kopo la mafuta, kitabu cha nyimbo, mtungi umepasuka. Vitu vya njiani vina namna ya kukuambia kwamba wenyewe hawako tena duniani, hata kama unajua vizuri kwamba wanakimbia telefoni. Kataliko alianza rozari. Mimi nilikuwa najua ukweli wote, nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu, na bado miguu yangu ilitaka kukimbia, kwa sababu miguu haisikilizi radio.

Halafu risasi. Tatu, nne, halafu moja peke yake.

Béata aliongeza mwendo. Sisi wanaume tulitaka kupunguza.

Pale kijito kinapotenga Masisi na Walikale kulikuwa na barière: mti mmoja wa mwanzi juu ya panda mbili. Ilikuwa ya watu wa Komanda Kisiki. Walikuwa upande gani wa vita, sisemi. Siku zile pande zilikuwa nyingi kuliko vidole, na kila upande ulikuwa na mwanzi wake. Askari wake walipoona kilima kizima kinawashukia bila sauti, waliogopa kuliko sisi, wakapiga hewani. Tulipofika, watu wa kampi walikuwa wamekalishwa katika matope, mikono juu ya kichwa, majani yaliyokatwa na risasi yakiwa bado yanawaangukia taratibu. Hakuna aliyekufa. Nilihesabu kwa macho, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Kisiki alikuwa mfupi, mnene, hapandishi sauti. Alikuwa amevaa koti la mvua la mwanamke, la rangi ya waridi, lililotoka katika msaada fulani. Katika maisha yangu nimecheka mazishini na nimecheka mbele ya hakimu. Koti lile sikulicheka.

"Nani anawakimbiza?" alikuwa anawauliza.

Watu wote, Mama Joséphine-Marie wa kwanza, wakaonyesha kwa kidevu maana mikono ilikuwa kichwani: "Ule. Ule mwenye chuma."

Athanase alikuwa amepigishwa magoti, radio mbele yake katika matope.

"Weye njo nani?"

"Miye ni Athanase, Komanda. Katekista wa Kingi. Niko mu kampi ya Kashuga."

"Katekista. Kampi ikiisha watu, adui anapita bila kuulizwa. Nani alikutuma utoe watu mu kampi?"

"Hakuna, Komanda. Ni radio. Ilisema watu wamelala inje."

"Wapi?"

"Paris."

Kisiki alimwangalia askari wake mmoja, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo aliitwa Léopold, na alikuwa amesoma karibu amalize sekondari. "Vita iko Paris?"

"Sijasikia, Komanda," akasema Léopold.

"Haiko vita," akasema Athanase. "Wanangoja telefoni."

"Hawana telefoni?"

"Wako nazo, Komanda. Wanataka ya mupya."

"Hawana nyumba?"

"Wako na manyumba."

"Ziliungua?"

"Hapana. Ziko nzima."

Kisiki alichuchumaa mbele yake ili macho yawe sawa. Alisema polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kurudia somo. "Muntu iko na nyumba. Haikuungua. Iko na mulango, iko na kitanda. Anatoka, analala inje na mutoto, mu mvua, usiku ine, juu ya kutafuta telefoni. Na telefoni ingine iko mu mufuko yake."

Niliona uso wa Athanase. Aliona mwenyewe jinsi ukweli ule ulivyokuwa mbaya. Nami nimetunga uongo wa kutosha kujua kazi hii: uongo unauvisha nguo kabla haujatoka nje. Ule ukweli ulitoka uchi katikati ya watu.

"Ndiyo, Komanda," akasema.

"Mumupe jembe."

Hakuna aliyehitaji tafsiri. Askari mmoja alimwonyesha mahali, kando ya njia, ambapo udongo ni laini. Béata alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano.

Mimi nilikuwa na uongo mzuri tayari: kwamba nyoka mkubwa kama bomba la maji ametokea kampini, ana pembe, na Athanase alikuwa anatukimbiza kutuokoa. Nilifungua mdomo. Béata alinibana mkono. "Muzee, funga. Watakupa ya kwako jembe."

Alimgeukia Kataliko. "Kaka, weye unauza telefoni. Sema kitu."

Kataliko alikwenda mbele, mikono juu, rozari inaning'inia kwenye kidole. Mtu wa biashara ana heshima yake hata kwenye barière. Huko ndiko sabuni na chumvi zinakopita. "Komanda, miye ni Kataliko, muntu wa Butembo, unanijua, napitaka hapa kwenda Ntoto. Ule muntu anasema kweli. Telefoni mupya ikitoka, wazungu wanapanga mulolongo. Nimeona hata picha. Wakifungua duka, wauzaji wanawapigia mikono kwa furaha."

"Wauzaji wanapigia mikono muntu mwenye anakuja kununua?"

"Ndiyo, Komanda."

"Weye unapigiaka watu mikono?"

"Hapana, Komanda."

"Ulishaka kulala inje juu ya telefoni?"

Kataliko alitafuta pa kutokea, akakosa. "Hapana."

"Hata weye mwenye kuziuza." Kisiki alitoa telefoni mbili katika mifuko ya koti la waridi, moja mkono huu, moja mkono ule. "Hii inaita, inajibu. Hii nayo inaita, inajibu. Hiyo ya Paris itanifanyia nini? Itanizalia?"

Askari wakacheka. Jembe lilikuwa linaendelea, chaf, chaf, katika udongo laini. Athanase alikuwa mkulima. Hakujua kulima vibaya. Hata kaburi lake alilichimba na kingo zilizonyooka.

Ndipo Béata aliposimama. Askari alimwelekezea bunduki, yeye akaendelea kusimama.

"Komanda," alisema, "radio ilisema saa sita. Saa kumi na moja inasemaka tena. Habari kubwa wanazirudilia. Ngoja isikike. Kama haikusema watu wa telefoni, shimo iko tayari. Hautapoteza kitu."

"Na nani atanitafsiria? Bwana yako?"

"Bwana yangu. Na ule mwenye miwani atasikiliza kama anadanganya."

Kisiki alifikiri. Nafikiri alikuwa amechoka kuua watu ambao hakuelewa kwa nini. Ao labda alitaka tu kusikiliza radio. Mtu wa barière anachoshwa na barière. "Saa kumi na moja," akasema. "Jembe lisisimame."

Tukangoja.

Ukungu ulianza kutoka katika kijito na kupanda miguu yetu. Watoto walikuwa wamekatazwa kulia, na walikuwa wanatii, jambo ambalo mtoto hafanyi isipokuwa akiogopa kweli. Mama Joséphine-Marie alikuwa karibu yangu. Alininong'oneza, "Muzee, ni kweli telefoni?" Nikamwambia kweli. Akafunga macho. "Nimeua muntu," akasema. Nilimpa kuku ashike.

Kataliko alifungua mzigo wake, akatoa batri mpya, akazipangusa kwenye shati, akaziweka katika radio bila kuombwa. Ilipofika saa, alizungusha kitufe. Ikalia kama mafuta yanayokaanga, halafu sauti ikaja, safi, ya mtu aliyekunywa chai.

Athanase alikuwa ndani ya shimo, udongo umefika mapajani. Hakuna aliyemwambia atoke. Aliegemea jembe, akatafsiri akiwa humo humo, sentensi kwa sentensi, na Léopold juu yake akitikisa kichwa kila sentensi kwamba ni sawa.

"Mu Nord-Kivu, hali iko na utulivu."

Kisiki alitikisa kichwa kwa kuridhika. Sisi wa matopeni, watu wa Nord-Kivu hiyo hiyo, tuliangalia matope.

"Ministri wa biashara amefika Kinshasa. Bei ya kakao imeshuka."

"Endelea," akasema Kisiki.

Mpira. Mungu anisamehe, sikuwahi kujua kwamba mpira una maneno mengi namna ile. Timu hii, timu ile, goti la mchezaji fulani. Athanase alitoa kila goti. Sauti yake ilianza kukauka. Béata alikuwa amefumbata mikono tumboni, na midomo yake ilikuwa inatembea mbele ya radio, kana kwamba anaisukuma: telefoni, sema telefoni. Halafu muziki ule mdogo wa kufunga habari ukaanza. Kisiki alinyoosha mikunjo ya koti lake, akasimama.

Muziki ukakatika. Sauti ya mwanamke, yenye kicheko ndani.

"Na mwisho..." akatoa Athanase, kwa sauti ambayo nilidhani si yake, "na mwisho, ni leo njo telefoni mupya imetoka."

Hata kijito nadhani kilisimama.

"Wa kwanza ametoka mu duka ameinua boîte ya telefoni juu na mikono mbili. Alilia. Wauzaji wamemupigia mikono."

Kataliko alipiga ishara ya msalaba.

"Kuna wenye kusema telefoni hii haina kitu kipya, ni ile ya mwaka jana, imerefuka tu. Kuna wenye kusema ni ajabu ya dunia. Magazeti yote imeweka picha yake mbele. Muntu moja aliacha kazi ili apate nafasi ya kulala inje. Mutangazaji anamuuliza, uko na telefoni ingine? Anajibu..." Athanase alimwangalia Kisiki kutoka chini ya shimo. "Anajibu, ndiyo. Mbili."

Kisiki alimgeukia Léopold.

"Njo vile amesema, Komanda. Mbili. Na anacheka."

Radio ikaingia matangazo. Hakuna aliyeizima. Komanda alikuwa bado ameshika telefoni zake, na aliziangalia kama vile mtu anavyoangalia mbwa wake baada ya kusikia kwamba anauma watu usiku. Nilitegemea afurahi kwamba hakudanganywa, ao acheke. Hakufanya hivyo. Niliona kitu ambacho sikutegemea kukiona juu ya koti lile la waridi: mtu alikuwa ameogopa.

"Ni watu ngapi?" akauliza.

"Maelfu, Komanda. Miji mingi."

"Wako na silaha?"

"Hapana."

"Nani anawalazimisha?"

"Hakuna."

Kisiki alitembea kwenda kwenye mwanzi wake, akaugusa. "Mwenye njaa, ninajua namna ya kumusimamisha. Mwenye hasira, ninajua. Mwenye analipiza kifo ya ndugu yake, ninajua, hata miye nilikuwa vile." Alikuwa anaongea na mwanzi. "Wale, nitawasimamisha na nini? Iko nayo mbili, analala mu mvua juu ya kutafuta ya tatu. Na siku watasikia kitu wanachotaka iko huku kwetu?"

Nilimwona Léopold anageuka kuangalia njia, ile ya kutoka Masisi, tupu, imejaa ukungu. Na wote tukaiangalia.

"Muongeze miti," Kisiki akawaambia askari. "Barière ya pili, kule juu. Leo."

Halafu akakumbuka Athanase. Alimwonyesha kwa kidole atoke shimoni. Athanase alishindwa kuinua mguu. Béata na Kataliko walimvuta kama kiazi.

"Kesho saa sita uko hapa na radio," akasema Kisiki. "Na kesho kutwa. Kila siku utaniambia wale watu wako wapi. Siku wote watarudia manyumbani yao, miye na weye tutamalizana."

"Shimo, Komanda," Athanase akauliza, maskini, mtu wa dhamiri hadi mwisho, "nilifukie?"

"Liache."

Tukarudi Kashuga. Mama Joséphine-Marie alitembea wa mwisho, matela kifuani siyo kichwani, asije akamwogopesha mtu.

Kesho yake Béata alikwenda naye, na mimi wakanichukua kwa sababu Béata alisema mzee mwongo anaweza kuwa na faida. Tuliketi karibu na shimo. Mvua ilikuwa imeweka maji kidogo chini yake. Radio ikasema. Nilitegemea kitu kirefu. Ilikuwa sentensi moja tu: telefoni zote zimenunuliwa katika siku moja, maduka yamefungwa, watu wamerudi nyumbani.

Athanase alifungua mdomo. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa sentensi ambayo haikusemwa. Nilimwona anaitafuta kama mtu anayetafuta ngazi gizani.

"Telefoni zimeisha," akatoa. "Wengine wamerudia. Wengine wamebaki. Wanangoja zingine."

Kisiki alimwangalia Léopold. "Njo vile?"

Léopold alikuwa amesikia sentensi yote, kwa Kifaransa kizuri cha karibu kumaliza sekondari. Alivua miwani, akaipangusa, akaangalia shimo. Akaangalia pia, nafikiri, mahali palipobaki kando ya shimo, ambapo udongo ni laini vilevile.

"Njo vile, Komanda."

Tangu siku hiyo kazi ikawa ya sisi sote. Njiani kwenda, tunatunga; kwenye barière, Athanase anatoa; Léopold anatikisa kichwa. Radio inaongea kuhusu uchaguzi, kuhusu petroli, na Athanase anawahesabu watu wa Paris. Nilitaka kuwapa watu wale maajabu, tembo, mfalme, bibi harusi, lakini Béata alikataa. "Muzee, ule muntu amekaa mu makampi. Ukisema uongo mukubwa atasikia. Sema vitu vya kampi." Basi tukasema vitu vya kampi. Shitingi za plastiki za kuezekea zimetoboka. Kuna kuhara. Kuna mwanaume mmoja anauza nafasi yake katika mlolongo na kuinunua tena. Mahali pa Paris pakafanana na Kashuga siku baada ya siku, mpaka mimi mwenyewe nilianza kuwahurumia.

Kisiki alisikiliza yote, akiwa amekunja koti magotini. Barière zake zilikuwa zimefika tatu, na watu wa njia ile walikuwa wanapata shida, najua. Lakini Athanase alikuwa anakula ugali jioni na mke wake.

Siku moja, mvua za Novemba zikianguka juu ya shitingi ya barière, Komanda aliuliza kitu ambacho hatukutayarisha.

"Kuni wanatoa wapi?"

Katekista hakujua. Mimi niliyeumba mji ule sikujua. Léopold aliangalia viatu vyake. Nyuma yetu shimo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na matone yalikuwa yanaligonga.

"Kuni ni shida, Komanda," akasema Béata.

Hakuwa anasema na radio. Alikuwa anamwangalia usoni, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anasimulia jirani kisimani.

"Za karibu zimeisha. Wanaenda mbali, mu pori. Wanaume hawaendi, wanaogopa kuuawa. Wanatuma wanawake, wanasema mwanamuke hawatamuua. Wanaenda asubuhi kikundi kizima. Barabarani kuko watu na bunduki. Jioni wanarudi na kuni, wanapika, na hakuna anayewauliza kitu, maana wote wanajua."

Mvua iliendelea. Kisiki alivuta kofia ya koti la waridi juu ya kichwa chake, hadi hatukuona macho.

"Huko Paris," akasema.

"Huko Paris, Komanda."

Kisha akatuonyesha njia kwa mkono, bila kuinua kichwa, na tulipokuwa tumekwisha kuvuka mwanzi wa kwanza tulisikia sauti yake nyuma yetu, ya chini, kama anamwambia mtu mwingine:

"Kesho saa sita."